Namba Sita: Mkata Umeme au Mwenye Eneo?

Julai 2023 kocha Thomas Tuchel alikuwa na miezi michache tu Bayern Munich ya Ujerumani alipoanza kusema hadharani kwamba kikosi chake kina pengo. Alitaka namba sita, yaani kiungo wa chini. Kauli hiyo iliwachekesha wengine na kuwakera wengine, kwa sababu jezi namba 6 ya Bayern ilikuwa na mwenyewe: Joshua Kimmich, ambaye kwa misimu kadhaa alikuwa akisimama mbele ya mabeki wa kati na kugawa mipira. Pembeni yake alikuwepo Leon Goretzka, kiungo mwingine wa timu ya taifa ya Ujerumani. Tuchel hakudai kwamba Kimmich hajui mpira. Alisema ni sita wa aina nyingine, na kwamba anayemhitaji yeye ni yule anayebaki nyuma na kushikilia eneo.

Waliomtetea Kimmich waliuliza: kama huyu si sita, sita ni nani? Waliomuunga mkono kocha wakajibu kwamba mtu anayepanda kila timu inapopanda hawezi kuitwa hivyo, hata jezi ikisema nini. Neno walilokuwa wakilitumia lilikuwa moja, lakini kila upande ulikuwa na mtu wake kichwani.

Sisi nasi tuna ubishi huohuo, tena umejificha ndani ya majina yenyewe. Mtangazaji akisema “leo anacheza sita”, hakuna anayeuliza maana yake: nne na tano ni mabeki wa kati, sita ni kiungo wa chini, mtu wa kwanza mbele yao. Dakika chache baadaye mtangazaji huyohuyo atamwita kiungo mkabaji, na mchezo ukichangamka atamwita mkata umeme. Majina hayo hayasemi kitu kimoja. Namba inataja mahali. “Mkabaji” inataja kazi. “Mkata umeme” inakwenda mbali zaidi na kutaja tabia: mvurugaji, mguu mzito, mtu asiyeona haya kula kadi ya njano dakika ya 80 ili shambulizi lisifike golini. Tukiyachanganya kwa muda mrefu tunaishia kuamini kwamba mahali pale pana kazi moja tu, na kwamba panamfaa mtu wa hulka moja tu.

Namba yenyewe haina mamlaka makubwa. Ilizaliwa katika mfumo wa 2-3-5, wa mabeki wawili, viungo watatu na washambuliaji watano, ambapo 4, 5 na 6 walikuwa viungo watatu wa mstari wa kati, sita akiwa upande wa kushoto. Sheria ya kuotea ilipobadilishwa mwaka 1925, na Herbert Chapman wa Arsenal akawa miongoni mwa waliomvuta namba tano nyuma awe beki wa tatu, kila taifa lilianza kupanga hesabu zake. Waingereza walimpeleka sita nyuma pia. Ndiyo maana Bobby Moore alinyanyua Kombe la Dunia la 1966 akiwa beki wa kati mwenye jezi namba 6, huku kazi chafu ya mbele yake ikifanywa na Nobby Stiles mwenye namba 4. Brazil sita ni beki wa kushoto, muulize Roberto Carlos. Argentina kiungo wa chini ni tano. Barcelona, kwa shule ya Kiholanzi iliyoletwa na Johan Cruyff, mtu huyo huitwa nne, na Pep Guardiola alikuwa nne wa timu iliyotwaa Kombe la Ulaya la klabu mwaka 1992. Wabrazili wana neno lao, volante, lililotokana na jina la ukoo la Carlos Volante, Muargentina aliyechezea Flamengo mwishoni mwa miaka ya 1930. Yaani mtu alicheza mahali fulani vizuri hadi mahali pakachukua jina lake. Hiyo ndiyo heshima ya kweli katika mpira, kuliko sanamu nje ya uwanja.

Namba zinabadilika basi, ila ukanda ni uleule: vile vipande vya nyasi kati ya mabeki wa kati na viungo wengine, ambako mshambuliaji mjanja hupenda kupokea mpira akiwa na nafasi ya kugeuka. Ubishi wenye maana unahusu anayestahili kukabidhiwa ukanda huo.

Upande wa ukabaji una hoja nzito, na ni rahisi kuidharau siku hizi kwa sababu haina mvuto. Unasema hivi: mpira utapotea. Hata timu bora duniani hupoteza mpira mara nyingi katika kila mchezo. Mabeki wa pembeni wakiwa wamepanda na viungo washambuliaji wakiwa boksini, wakati ule wa kupoteza ndio wakati timu iko uchi. Anahitajika mtu ambaye tangu mwanzo alikuwa akifikiria kupotea kwa mpira kuliko kufungwa kwa bao. Ukimweka fundi wa pasi hapo, akili yake iko mbele. Shambulizi la kushtukiza likianza, yeye ndiye wa kwanza kupitwa.

Ushahidi wao mkubwa ni Claude Makélélé. Alicheza Real Madrid kati ya 2000 na 2003, akabeba ubingwa wa Hispania mara mbili na Ligi ya Mabingwa ya 2002. Mwaka 2003, kiangazi kilekile alichonunuliwa David Beckham, klabu ilimwachia aende Chelsea. Madrid, ikiwa na Zidane, Figo, Ronaldo, Raúl na Beckham, ilimaliza msimu uliofuata katika nafasi ya nne, na haikupata ubingwa wa ligi tena hadi 2007. Chelsea ilitwaa ubingwa wa England mwaka 2005 ikiwa imefungwa mabao 15 tu katika mechi 38. Nafasi yenyewe ikaanza kuitwa kwa jina lake, kama ilivyokuwa kwa Volante.

Simulizi hiyo ni tamu, lakini ina mashimo mawili. La kwanza, kiangazi hichohicho Madrid iliachana na kocha Vicente del Bosque na nahodha Fernando Hierro. Kumbebesha Makélélé anguko lote ni uvivu. La pili ni zito zaidi. Chelsea ya José Mourinho ilicheza na viungo watatu wakati timu nyingi za England zilikuwa bado na wawili. Wawili hao wakishughulika na Frank Lampard na kiungo mwenzake, Makélélé alibaki peke yake, hana wa kumkaba. Alipokea mpira bila bughudha, akatoa pasi fupi, akarudi mahali pake. Anayetajwa kama baba wa wakata umeme alikuwa pia mtu huru zaidi uwanjani Chelsea ilipokuwa na mpira. Sehemu kubwa ya faida yake ilitokana na mahali aliposimama, hata kabla hajamgusa mpinzani.

Tugeukie upande wa pili. Wanaoamini katika mpiga pasi hawasemi kwamba ukabaji hauna maana. Wanasema mpira wa kisasa umebadilisha swali. Wapinzani wanakabia juu. Wanamwachia beki wa kati mpira makusudi, kisha wanasubiri aupeleke kwa sita ili wamvamie akiwa ameupa mgongo uwanja. Sita asiyeweza kupokea katika hali hiyo ana njia mbili: aukimbie mpira, timu ishindwe kutoka nyuma, au aupokee na kunyang’anywa mita 30 kutoka golini kwake. Mkabaji asiyejua kupasi, kwa hesabu hii, anazalisha hatari ileile aliyeletwa kuizuia. Nimeipima hoja hii mara nyingi na sijaona jibu lake la kuridhisha kutoka upande wa kwanza, isipokuwa lile la kumwambia kipa apige mbali, na hilo ni kukubali kushindwa kwa lugha ya upole.

Sergio Busquets ndiye mfano wao. Mwaka 2008 Guardiola, sasa akiwa kocha, alimtoa timu ya pili ya Barcelona na kumpa ukanda huo. Hakuwa na mbio, hakuwa na misuli ya kutisha, na mtu aliyezoea kumtafuta sita kwa kuhesabu miguu iliyokatwa angeweza kutazama mchezo mzima bila kumwona. Kombe la Dunia la 2010 lilipoanza, Hispania ilifungwa 1-0 na Uswisi, na kelele zikaelekezwa hapo katikati: kwa nini Busquets na Xabi Alonso wacheze pamoja, sita wawili wa nini? Del Bosque, wakati huo akiwa kocha wa taifa, alimtetea kwa kusema kwamba kama angekuwa mchezaji tena angependa kufanana na Busquets. Hispania ilishinda mechi zake zote nne za mtoano kwa 1-0 na kumaliza mashindano ikiwa imefungwa mabao mawili tu. Hao ndio waliodhaniwa kuwa hawajui kukaba.

Andrea Pirlo anasaidia hoja kutoka upande mwingine. Alianza kama namba kumi, kiungo mshambuliaji. Brescia, mwaka 2001, kocha Carlo Mazzone alikuwa tayari na Roberto Baggio katika nafasi hiyo, akamrudisha kijana nyuma mbele ya mabeki. Carlo Ancelotti akaliendeleza jambo hilo Milan, na kikapatikana kikosi kilichochukua Ligi ya Mabingwa mwaka 2003 na 2007. Katikati ya makombe hayo mawili, Italia naye Pirlo ikatwaa Kombe la Dunia la 2006. Lakini Pirlo alikuja na gharama, na mashabiki wa mpira wa pasi hawapendi kuitaja. Gharama hiyo iliitwa Gennaro Gattuso. Kazi ya kukimbiza watu haikufutwa. Ilihamishiwa kwa jirani. Na fundi anaweza kuzimwa: mwaka 2010 Alex Ferguson alimpa Park Ji-sung kazi ya kumganda Pirlo, na Manchester United ikaitoa Milan kwa 3-2 ugenini na 4-0 nyumbani. Ukimzima mtu mmoja na timu nzima ikaingia giza, basi timu hiyo imeweka mayai mengi mno kwenye kapu moja.

Basi nani ana haki? Kwa maoni yangu kila upande umeshika nusu ya kweli, ila wote wamekosea mahali pa kuanzia. Wanabishana kuhusu kile sita anachofanya akiwa na mpira au akiwa na mpinzani miguuni. Ukiwapanga Makélélé, Busquets na Pirlo katika mstari mmoja, ukabaji hauwaunganishi na pasi haziwaunganishi. Kinachowaunganisha ni kwamba walikaa. Mchezo ulipokwenda kushoto, walisogea hatua chache kushoto. Beki alipopanda, walitazama pengo lake. Walikuwa wakigeuza shingo kabla mpira haujawafikia. Mwenzao alipoupoteza mpira, hawakulazimika kukimbia kurudi, maana hawakuwa wameondoka. Kukaa ndiyo maana ya msingi ya neno “sita”. Kukaba na kupasi ni namna mbili za kuitumia.

Kipimo kizuri cha dai hilo ni N’Golo Kanté, kwa sababu ndiye anayelitia mashakani. Kizazi chake hakikuwa na mporaji wa mipira kama yeye. Alitwaa ubingwa wa England akiwa Leicester mwaka 2016 na akiwa Chelsea mwaka 2017, Kombe la Dunia mwaka 2018, na kila tulipomtaja tulimwita kiungo mkabaji. Kisha Maurizio Sarri akafika Chelsea mwaka 2018 akiwa na Jorginho kutoka Napoli, akampa Jorginho nafasi ya chini na kumsogeza Kanté kulia mbele kidogo. Ghadhabu iliyozuka ilikuwa ya kihistoria. Unamtoaje mkabaji bora duniani kwenye nafasi ya mkabaji, na kumpa mtu anayepigwa chenga na kila anayepita?

Swali hilo lina jibu ukitenganisha mahali na kazi. Kanté hakuwa mtu wa kukaa. Ubora wake ulikuwa katika kutoka: kuona mpira unayumba mita 15 mbele, kuufuata, kuupora, kisha kukimbia nao. Mtu wa namna hiyo ukimfunga kwenye ukanda mmoja unamnyima nusu ya uwezo wake, na ukimwachia aondoke ukanda unabaki wazi. Leicester hawakuwa na shida hiyo, kwa sababu katika 4-4-2 yao hapakuwa na sita kabisa. Walikuwa viungo wawili, yeye na Danny Drinkwater, na mabeki waliobaki chini sana. Ufaransa kwenye fainali ya 2018 dhidi ya Croatia, Kanté alipokuwa na kadi ya njano na mchezo ukimshinda, Didier Deschamps alimtoa dakika ya 55 na kumwingiza Steven Nzonzi, mrefu, mzito, asiye na mbio, anayesimama. Ufaransa ilikuwa mbele kwa 2-1 na ikamaliza 4-2.

Sipendi kuonekana kana kwamba namvua Kanté nishani. Fainali ya Ligi ya Mabingwa ya 2021 mjini Porto yeye ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa mchezo, akitembea uwanja mzima. Tazama tu nani alikuwa pembeni yake: Jorginho, amekaa. Na tazama upande wa pili. Guardiola, kuhani mkuu wa dhehebu la wapiga pasi, aliwaacha benchi Rodri na Fernandinho pamoja, akamweka Ilkay Gündoğan chini. Manchester City ilijaa mafundi, na dakika ya 42 pasi ya Mason Mount ilipita katikati kabisa, Kai Havertz akamzunguka kipa na kufunga bao pekee. Huenda bao lingeingia hata sita angekuwepo; hakuna anayejua. Lakini njia liliyopitia haikuwa ya pembeni. Na kocha wa Chelsea usiku huo alikuwa Tuchel, jambo linaloeleza kidogo alichokuwa akikitafuta Munich miaka miwili baadaye.

Wapo watakaopinga kwamba kukaa ni sifa ya mvivu, na kwamba mpira wa leo hautaki mtu wa kusimama. Pingamizi hilo lina uzito. Makocha wengi sasa wanataka kila kiungo apande, akabe juu, afike boksini. Rodri mwenyewe, aliyezoeleka kutajwa kama mfano wa sita kamili, ndiye aliyefunga bao pekee la fainali ya 2023 mjini Istanbul dhidi ya Inter akiwa ukingoni mwa boksi, mbali sana na mabeki wake. Ila kuna kuondoka kwa hamu na kuna kuondoka kwa mpango. Sita anaweza kuondoka pale timu inapokuwa imemteua mwingine abaki. Kosa liko kwa yule anayeuona mpira, akausahau ukanda, na kuacha mabeki wake wakitazamana.

Tatizo lingine ni takwimu. Tunampima sita kwa hesabu ya mipira aliyopora, na orodha zinatoka kila wiki. Kipimo hicho kinampendelea anayechelewa kufika. Aliyesimama mahali sahihi mapema humlazimisha mpinzani aelekeze pasi kwingine. Hakuna uporaji, hakuna faulo, hakuna namba ya kuandika. Anayekimbilia hatari baada ya kuiruhusu ndiye anayevuna takwimu. Ninatia chumvi kidogo, kwa sababu wapo wanaofanya yote mawili, Casemiro wa miaka ya makombe matatu mfululizo ya Ulaya kati ya 2016 na 2018 akiwa mmojawapo. Hata hivyo, orodha ya waporaji si orodha ya masita.

Na ndipo kisa cha Bayern kinapokuwa kitamu. Mtu ambaye klabu ilimchagua kuziba pengo la Tuchel alikuwa João Palhinha wa Fulham, aliyekuwa ameongoza Ligi Kuu ya England msimu wa 2022/23 kwa kuwaingilia wapinzani na kuwapokonya mpira. Alifika Munich siku ya mwisho ya usajili, Septemba 1, 2023, na dili likafa kwa sababu Fulham hawakupata mbadala. Siku hiyohiyo Bayern iliridhia Ryan Gravenberch, kiungo kijana wa Kiholanzi ambaye hakuwa akipata nafasi, aende Liverpool. Msimu ulipoisha Bayern ilikuwa imefungwa mabao 45 kwenye ligi, imemaliza ya tatu, na utawala wake wa mataji 11 mfululizo umevunjwa na Bayer Leverkusen, timu ya Xabi Alonso, sita mpiga pasi wa zamani aliyempa dimba la kati Granit Xhaka, mpiga pasi mwingine.

Kambi zote mbili zilidai ushindi hapo. Wapenda ukabaji walisema: mnaona, alinyimwa mkata umeme na timu ikavuja. Wapenda pasi wakasema: bingwa ameshinda kwa nini kama si kwa pasi? Mwaka mmoja baadaye hoja ya kwanza ilipata pigo. Palhinha alisajiliwa kweli mwaka 2024, chini ya kocha mpya Vincent Kompany, na akacheza kidogo. Kimmich aliyedaiwa kwamba si sita wa kweli aliendelea katikati, mara nyingi akiwa na kijana wa akademia Aleksandar Pavlović, na Bayern ikarudisha ubingwa ikifungwa mabao 32. Liverpool nayo, baada ya Martín Zubimendi kukataa kuhama kutoka Real Sociedad, ilimgeuza Gravenberch kuwa sita chini ya Arne Slot na kuwa bingwa wa England mwaka 2025. Gravenberch si mkata umeme hata kidogo. Ni mtu wa kugeuka na mpira na kuukokota. Slot alimfundisha mahali, akamwachia tabia yake.

Nadhani Tuchel aliona ugonjwa sawasawa. Pengo lilikuwepo, na Kimmich alikuwa akiliacha kwa sababu mguu wake unapenda kufuata mpira. Dawa ndiyo iliyokuwa na shaka. Kutafuta mtu wa kukaa ukamchukua bingwa wa kuporapora ni kuliponya eneo kwa mtu ambaye naye hutoka kuwinda. Kwa upande mwingine, wanaosema Kompany ameonyesha kwamba sita hahitajiki wanaruka hatua: alipanga timu yake upya kwa kukabia juu sana, akapunguza muda ambao ukanda ule unakuwa hatarini. Hilo linafaa kwa timu yenye mpira kwa sehemu kubwa ya mchezo. Timu inayopokea mashambulizi dakika 60 haina anasa hiyo, na kwake jina “mkabaji” bado linasema kweli tupu. Hapa ndipo ninapowapa wakabaji haki yao bila kinyongo. Mjadala mwingi wa mbinu umejengwa juu ya timu kubwa, wakati timu nyingi duniani si kubwa. Kumwambia kocha anayepigania kutoshuka daraja atafute Busquets ni kumkejeli.

Mahali ambapo neno lenyewe linaanza kulegea ni pale ukanda unapokaliwa kwa zamu. Guardiola alipofika Bayern mwaka 2013 alimchukua Philipp Lahm, beki wa pembeni, akamfanya sita. Ujerumani ilianza Kombe la Dunia la 2014 naye hapo na kumrudisha kulia kuanzia robo fainali dhidi ya Ufaransa. Huyo alihama moja kwa moja, hana utata. John Stones ana utata. Msimu wa 2022/23 City ilipokuwa na mpira alitoka kwenye mstari wa mabeki na kusimama pembeni ya Rodri. Mpira ukipotea alirudi kuwa beki. Ukimwita sita unakosea nusu ya mchezo, ukimwita beki unakosea nusu nyingine. Mchoro wa kikosi unaoonyeshwa kabla ya mechi hauwezi kumwonyesha. Mimi ningependa mtangazaji aseme tu: Stones anaingia sita City ikiwa na mpira. Ni maneno machache, na yanamweleza mtazamaji wapi pa kuangalia.

Rodri ndiye anayebaki kuwa mtihani wa mwisho kwa pande zote. Septemba 22, 2024 aliumia goti dhidi ya Arsenal, mwezi uliofuata akapewa Ballon d’Or, tuzo ya mchezaji bora wa mwaka, na City, bingwa wa misimu minne mfululizo, ikapita katika kipindi cha vipigo vitano mfululizo katika mashindano yote na kumaliza ligi ikiwa ya tatu. Mateo Kovačić alishika nafasi yake mara nyingi. Ni kiungo safi, anapasi, anakaba kiasi, na Oktoba aliifungia City mabao mawili dhidi ya Fulham. Kwa orodha ya kazi alifaa. Lakini Kovačić hutatua shida kwa kuukokota mpira kwenda mbele, na kila alipoukokota alihama. Wapinzani walijifunza upesi: subiri atoke, pora, piga katikati. Katika usajili wa majira ya baridi City ilikwenda Porto kumchukua Nico González, mchezaji aliyelelewa Barcelona, ambako kijana hufundishwa kusimama katika nafasi ya nne kabla hajaruhusiwa kufanya mbwembwe nyingine yoyote.